Ujasiri wa Nani? Maoni juu ya Tafsiri ya Neno "Courage"

Katika makala haya nimekusudia kuchunguza tafsiri ya neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "courage". Huenda msomaji akashangaa kwamba neno la kawaida kama hili, ambalo hata mwanafunzi wa sekondari hulijua, limehitaji kurasa kadhaa za jarida linaloshughulikia istilahi. Wafasiri wengi hawasiti mbele yake. Huandika "ujasiri" na kuendelea na kazi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na orodha zangu za maneno zinanishuhudia. Lililonifanya nirudi nyuma ni tukio dogo lililotokea mkoani Singida. Naomba nilieleze kwanza, kwa kuwa hoja yote ya makala haya imetoka humo.

Nilikuwa nimekwenda mkoani humo kukusanya maneno ya ufugaji wa nyuki na ya kilimo cha alizeti. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa akinisaidia alinialika kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule yake. Shughuli za shule zilipokwisha, mwalimu huyo alisoma kijitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, kinachowahimiza watu waache ukeketaji. Sitakitaja kijitabu hicho wala waliokitoa, kwa sababu nia yangu ni kuihakiki tafsiri, si kumhukumu mfasiri. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na picha ya msichana, na juu yake maneno haya kwa herufi kubwa: "Msichana, Uwe na Ujasiri!"

Mwalimu alisoma vizuri na kueleza vizuri. Akina mama walisikiliza kwa adabu. Kisha bibi mmoja aliyeketi karibu na mbele aliomba kusema, akasema hivi:

"Mwalimu, mwanangu, neno hilo hukutuletea wewe. Hilo ndilo tuliloambiwa sisi siku ya kisu. Tuliambiwa: uwe jasiri, usilie, usimtie mama yako aibu. Mimi sikulia. Sasa hicho kijitabu chako kinataka mjukuu wangu awe jasiri wa kufanya nini?"

Watu walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Mwalimu alinigeukia, kwa kuwa alijua kazi ninayoifanya. Sikuwa na jibu.

Swali la bibi yule ni swali la maana ya neno, na limeulizwa kwa usahihi kuliko maswali mengi niliyoyasikia katika vikao vya wataalamu. Neno moja lilikuwa limetumiwa na pande mbili zinazopingana, na kila upande ulilitumia kwa haki. Aliyeshika kisu alimtaka mtoto awe jasiri, na aliyekuja kukipinga kisu alimtaka mtoto awe jasiri. Ikiwa neno laweza kuitumikia kazi na kinyume cha kazi hiyo, mfasiri hana budi kusimama na kujiuliza amefasiri nini.

Neno la Kiingereza

Neno "courage" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya moyo. Hapo zamani Waingereza walilitumia kwa maana ya moyo wenyewe, yaani makao ya nia na hisia. Baadaye maana ilipungua, ikawa ni ile hali ya moyo inayomwezesha mtu kutenda linalopasa ingawa anaogopa.

Kiingereza kina maneno mengine yaliyo jirani na hili. Liko la askari aliye vitani, liko la mtu anayestahimili mateso kwa muda mrefu, na liko la mtu anayejitosa bila kufikiri. Lakini "courage" limekaa juu ya hayo yote kama mwavuli. Hutumika kwa askari, kwa mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, kwa shahidi mahakamani, na kwa mtoto anayeingia darasani siku ya kwanza. Lenyewe halisemi hofu ni ya nini, wala tendo linalotakiwa ni lipi. Hayo huachiwa maneno yanayolizunguka. Hiyo ndiyo nguvu ya neno hilo, na ndiyo taabu linayotuachia sisi wafasiri.

Ugumu wa kuifafanua dhana hii si wa jana. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Laches, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, majemadari wawili wa Athens wanaulizwa na Socrates waeleze jambo hili ni nini. Wa kwanza anasema ni askari kubaki katika safu yake bila kukimbia, na baadaye anasema ni uimara wa roho. Wa pili anasema ni maarifa, yaani kujua lipi la kuogopwa na lipi si la kuogopwa. Mazungumzo yanakwisha bila mshindi. Ikiwa watu waliozeekea vitani walishindwa kukubaliana, mfasiri asione aibu kutumia robo saa zaidi mezani kwake.

Maneno yetu na mipaka yake

Kamusi zetu kwa kawaida huyafafanua maneno ya uwanja huu kwa kupokezana: jasiri huelezwa kwa shujaa, shujaa kwa hodari, na hodari kwa jasiri. Msomaji akifuata njia hiyo hujikuta amerudi alikoanzia. Lakini katika matumizi ya watu, maneno haya hayalingani hata kidogo. Natoa hapa mipaka yake kama ninavyoiona.

Jasiri. Neno hili lina asili ya Kiarabu. Mzizi wake katika lugha hiyo ndio uliotoa pia neno la daraja, na kitenzi chake chaweza kuwa na maana ya kuvuka na ya kuthubutu. Jasiri basi ni mvukaji: ameiona hatari, akapiga hatua. Ujasiri hutazama mwanzo wa tendo. Lakini neno lenyewe halisemi kama ng'ambo anakovukia ni kwema. Mwizi anayeingia katika nyumba yenye mbwa wakali ni jasiri. Kijana anayemjibu mzee vibaya mbele za watu huambiwa, "Una ujasiri wewe!" na hiyo si sifa. Tena tunaposema "Jasiri haachi asili", aghalabu tunamsema mtu aliyerudia kituko chake.

Shujaa. Hili nalo limetoka Kiarabu. Tofauti yake kubwa na jasiri ni kwamba ushujaa hutazama mwisho wa tendo. Shujaa ni jina la heshima ambalo mtu hupewa na wenzake baada ya kujulikana alichokifanya. Mtu mwenye adabu hajiiti shujaa. Ndiyo maana Siku ya Mashujaa, inayoadhimishwa nchini Tanzania kila tarehe 25 Julai, ni siku ya kuwakumbuka waliokufa wakilitetea taifa. Kadhalika Wakenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, waliibadili Siku ya Kenyatta ya tarehe 20 Oktoba ikawa Siku ya Mashujaa, ili heshima iliyoelekea kwa mtu mmoja iwaenee wote waliojitoa kwa ajili ya nchi. Methali yetu isemayo "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio" inatukumbusha gharama ya jina hilo.

Hodari. Uhodari ni nguvu, bidii na ustadi kwa pamoja. Tunasema mkulima hodari, fundi hodari, mwanafunzi hodari wa hesabu. Hapo si lazima pawe na hofu yoyote. Kwa hiyo hodari peke yake hawezi kusimama mahali pa neno la Kiingereza, ila kwa msaada. Wafasiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 waliliona jambo hilo. Walipofika katika agizo alilopewa Yoshua, hawakuridhika na uhodari peke yake, bali waliuongezea ushujaa, na ushujaa huo wakaufanya kuwa sifa ya moyo. Tunaweza kuona kwamba walikuwa wakitafuta kitu ambacho neno moja halikukitosheleza.

Shupavu. Neno hili ni jamaa ya kitenzi shupaa, yaani kuwa kigumu. Mtu shupavu ni yule aliyekaza, hapindiki wala hang'oki. Ikiwa jasiri ni wa kuvuka, shupavu ni wa kubaki. Ushupavu ukikosa busara huwa ukaidi, kama vile ujasiri ukikosa adabu unavyokuwa ujuba.

Mvumilivu na mstahimilivu. Hawa ni wa kubeba. Kinachowakabili aghalabu si hatari inayokuja, bali maumivu au dhiki ambayo imekwisha fika. "Mvumilivu hula mbivu" ni sifa ya mtu asiyeuweka mzigo chini. Wala si sifa yenye kufaa kila mahali, kwa sababu iko mizigo ambayo haikustahili kubebwa hata siku moja.

Tukiwa na mipaka hiyo, tunaweza kumwelewa vizuri bibi wa Singida. Alichotakiwa kukifanya utotoni hakikuwa ujasiri. Hakupewa nafasi ya kuvuka wala ya kutovuka. Kilikuwa ustahimilivu, tena wa kulazimishwa, na wakubwa wake waliupa jina la ujasiri ili kumheshimu, na ili asikatae. Nani asiyependa kuitwa jasiri?

Moyo, kuthubutu na kuwa thabiti

Liko neno jingine ambalo wafasiri hulisahau kwa sababu liko karibu mno, nalo ni moyo. Kiswahili hufanya yaleyale yaliyofanywa na Kilatini na Kifaransa: hukiita kitu hiki kwa jina la kiungo kinachodhaniwa kuwa makao yake. Tunapiga moyo konde. Tunatiana moyo, tunajipa moyo, tunavunjika moyo, tunakufa moyo. Mfasiri anapokutana na kitenzi "encourage" huandika "tia moyo" bila kufikiri, na akikutana na "discourage" huandika "vunja moyo". Kote kuwili amepata. Lakini akifika kwenye jina, ambalo ndilo shina la vitenzi hivyo viwili, huuacha moyo na kukimbilia ujasiri. Sioni sababu ya kufanya hivyo isipokuwa mazoea ya kuandika orodha, ambamo kila neno la safu ya kushoto hutafutiwa neno moja la safu ya kulia.

Jambo la pili nililoliona ni hili. Kitenzi "thubutu" na sifa "thabiti" ni ndugu. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuimarika na kusimama. Katika Kiswahili ndugu hawa wamegawana urithi. Kuthubutu kumekuwa kupiga hatua, na uthabiti umekuwa kubaki mahali pake bila kutikisika. Yaani mzizi mmoja umetupa pande mbili za kitu kilekile: ule wa jasiri na ule wa shupavu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Kiswahili kinapolifikia neno la Kiingereza kwa ukaribu zaidi: anathubutu kuanza, na akisha kuanza anakuwa thabiti.

Naongeza onyo moja kutoka uwanja wa dini. Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki kwa Kiswahili, fadhila nne za msingi hutajwa kuwa busara, haki, nguvu na kiasi. Hapo "nguvu" imesimama mahali pa neno jirani la "courage", lile la kustahimili kwa uimara. Ndani ya kanisa matumizi hayo yamezoeleka na hayana taabu, kwa kuwa katekista huyaeleza. Lakini mfasiri wa barua ya serikali akiyachukua bila maelezo, msomaji atadhani habari ni za misuli.

Kiume na kike

Hatuwezi kulizungumzia jambo hili bila kugusa sehemu yake isiyopendeza. Katika maneno ya kila siku ujasiri wetu ni wa kiume. Tunamwambia mtu ajikaze kiume, afe kiume, aonyeshe kuwa yeye ni mwanamume. Wala si sisi peke yetu, kwa sababu neno la Kigiriki walilolijadili wale majemadari wa Athens lilitokana na neno la mwanamume. Lugha hufuata waliokuwa na mikuki mikononi.

Lakini mkoa wa Singida una ushahidi wake wa kuyapinga hayo. Simulizi za Wanyaturu humkumbuka Liti Kidanka, mwanamke aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye, kwa mujibu wa simulizi hizo, silaha yake kuu ilikuwa nyuki. Uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Wanaomtaja humwita shujaa, na hakuna anayeona haja ya kusema kwamba alipigana kiume. Tena tukiitazama simulizi kwa makini, sifa anayopewa si ya nguvu tu bali ni ya maarifa: alijua jambo ambalo adui zake hawakulijua. Hapo jemadari wa pili wa Athens angefurahi, kwa sababu hiyo ndiyo maana aliyoitetea.

Hata hivyo, mke kijana wa leo hayuko mahali pa Liti. Akiambiwa na kijitabu awe "jasiri" mbele ya mama mkwe wake, yeye na mama mkwe wote wawili watasikia jambo jingine, yaani kwamba anafundishwa jeuri. Neno tulilolikusudia kuwa sifa litaingia katika nyumba hiyo kama tusi. Mwalimu aliyenialika aliniambia kwamba akina mama wawili walimweleza hivyo baada ya mkutano.

Kosa lilikuwa wapi

Baada ya mkutano nilipata nakala ya Kiingereza ya kijitabu kile. Kichwa chake kilikuwa sentensi fupi ya kuamuru, yenye kuhimiza "courage" ya kukataa. Katika Kiingereza amri ya namna hiyo haionyeshi kama inamhusu mtu mmoja au wengi. Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Mfasiri hana budi kuchagua kati ya "uwe" na "muwe", na mara tu anapochagua huwa amekwisha amua ni nani anayesemeshwa. Mfasiri wetu aliona picha ya msichana, akachagua umoja, kisha akamtaja msichana mwenyewe. Neno la kukataa aliliacha nje, bila shaka kwa kudhani kwamba ujasiri unajieleza.

Makosa ni mawili basi, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza ni kuliacha tendo, hata "ujasiri" ukabaki bila kazi, kila mtu akaujaza kwa kazi aliyoizoea. La pili ni kumtwika mzigo asiyeweza kuubeba. Katika sehemu za Singida na Dodoma ukeketaji umekuwa ukifanywa kwa watoto wachanga, na husingiziwa lawalawa, yaani maradhi ya sehemu za siri ambayo watu huamini kwamba huponywa kwa kukata, hali maradhi hayo hutibiwa kwa usafi na kwa dawa za hospitali. Mtoto wa wiki tatu hawezi kuwa jasiri. Hawezi kusoma kichwa cha kijitabu. Anayepaswa kuthubutu ni mama yake, baba yake, bibi yake, muuguzi wa zahanati na mtendaji wa kijiji.

Jambo hili si dogo. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kwamba, katika kila wanawake 100 wa mkoa wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliokuwa wamekeketwa walikuwa 31 mwaka 2015-16, na 20 mwaka 2022. Kwa nchi nzima walikuwa 10 na kisha 8. Idadi inapungua, nasi tunashukuru, lakini mkoa bado umeupita wastani wa taifa kwa mbali. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 15. Palipo na sheria ya namna hiyo, maandishi yanayomwambia mtoto awe jasiri yanawasahau watu wazima ambao sheria inawaelekea.

Siku ya pili yake mwalimu nami tulikaa na ubao na chaki, tukajaribu maneno. Tuliandika vichwa vinne. Kwa wazazi: "Tuthubutu Kukataa: Katika Nyumba Hii Hakeketwi Mtoto." Kwa mama kijana: "Simama Imara, Mama, Hauko Peke Yako." Kwa muuguzi: "Mtibu Mtoto, Mweleze Mama." Kwa mtendaji: "Ukijua, Usinyamaze." Msomaji ataona kwamba neno "ujasiri" halimo hata mara moja, na bado kila kichwa kinahimiza "courage".

Bibi yule alipita shuleni jioni kumchukua mjukuu. Mwalimu alimsomea kichwa cha kwanza. Alikaa kimya kwa kitambo, kisha akasema, "Haya. Hapo sasa umenitaja na mimi." Sidai kwamba sentensi moja iliigeuza mila. Nasema tu kwamba kwa mara ya kwanza maandishi yalikuwa yamemfikia mtu yaliyemkusudia.

Pingamizi

Najua pingamizi litakalotolewa na wenzangu wa istilahi. Watasema kwamba kanuni yetu ni dhana moja, istilahi moja. Tukiruhusu neno moja la kigeni lifasiriwe kwa njia sita, tutakuwa tumeibomoa kazi ya usanifishaji tuliyoifanya tangu Baraza lilipoanzishwa mwaka 1967.

Jibu langu ni kwamba kanuni hiyo ni ya istilahi, na "courage" kwa sehemu kubwa si istilahi. Ni neno la watu wote. Tunaposanifisha jina la kipuli cha mashine au la ugonjwa, msomaji anafaidika kwa kuwa kitu hicho ni kimoja popote kilipo. Lakini neno la moyo wa mtu hubadilika kwa kadiri ya hofu na ya tendo. Kulifunga kwa neno moja si kusanifisha bali ni kupunguza. Pale ambapo dhana imekuwa ya kitaalamu kweli, kama katika somo la maadili, sipingi kuwa na neno moja la kichwa, na "ujasiri" laweza kubaki hapo, mradi lielezwe.

Tena tukumbuke kwamba neno letu limekwisha kutumwa kazi nyingine. Neno "ujasiriamali" liliundwa kwa kuunganisha ujasiri na mali, likapokelewa na nchi nzima. Ni istilahi iliyofanikiwa, na sina nia ya kuipinga. Lakini kila mafanikio yana athari zake. Katika barabara ya Dodoma kwenda Singida, mama anayewauzia abiria kuku wa kienyeji kupitia dirisha la basi anaitwa mjasiriamali, ingawa yeye angesema anatafuta ada ya mtoto. Kijana aliyekulia katika matumizi hayo akisikia "ujasiri", wazo la kwanza linalomjia laweza kuwa ni mtaji na biashara. Mfasiri anayetaka kumwambia kijana huyo asimame mahakamani aseme kweli, hawezi kutegemea neno hilo bila kulisindikiza.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, napendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mambo yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kulifasiri neno "courage" tujiulize maswali matatu: Nani anaogopa? Anaogopa nini? Anatakiwa afanye nini? Jibu la swali la tatu ndilo litakalotupa neno. Akitakiwa kuanza, ni kuthubutu au ujasiri. Akitakiwa kutong'oka, ni ushupavu au uthabiti. Akitakiwa kubeba maumivu yasiyoepukika, ni ustahimilivu. Akisifiwa kwa tendo lililokwisha kufanyika, ni ushujaa. Akihitaji kusaidiwa tu, ni kutiwa moyo.

Pili, tupendelee kitenzi kuliko jina. "Thubutu kusema" humwambia mtu la kufanya; "uwe na ujasiri" humwacha atafute mwenyewe. Kiingereza hupenda majina ya dhana. Kiswahili hupendeza zaidi kinapotenda.

Tatu, kwa maneno yenye kuhimiza "courage" ya kufuata dhamiri, ambayo siku hizi hufasiriwa "ujasiri wa kimaadili", napendekeza "uthabiti wa dhamiri". Tafsiri ya sasa yaweza kueleweka kama ujasiri wenye heshima, ambayo siyo maana iliyokusudiwa.

Nne, walimu wanapofundisha msamiati huu wasiandike ubaoni visawe pekee. Wawape wanafunzi mifano mitano, yaani askari, mgonjwa, shahidi, mwizi na mtoto mchanga, kisha wawaulize ni yupi anayestahili neno lipi. Mfano wa mtoto mchanga usiachwe.

Tano, maandishi yote yanayokwenda vijijini yasomwe kwanza kwa sauti mbele ya watu wachache wa mahali yanapokwenda, wakiwemo wazee wa kike, kabla hayajapigwa chapa. Gharama yake ni nauli na siku moja.

Hitimisho

Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ina funzo moja kwa wafasiri. Haimwombi raia awe shujaa, bali inajaribu kumpunguzia hofu, ili asihitaji kuwa shujaa. Maandishi mazuri nayo yaweza kufanya hivyo. Yanapomtaja mhusika kwa haki, na kumwambia tendo linalotakiwa kwa maneno anayoyajua, yanakuwa yamekwisha kumtia moyo kabla hata ya kulitumia neno lolote la ujasiri.

Nimerekebisha orodha zangu. Mahali palipokuwa na neno moja sasa pana maswali matatu na maneno sita, na juu yake nimeandika jina la mkoa wa Singida ili nisisahau. Naomba wasomaji, hasa walimu na mabwana na mabibi afya walioko vijijini, watuletee mifano yao: neno gani walilitumia, lilisikika vipi, na nani aliyewauliza swali ambalo hawakuweza kulijibu.